Mluzi wa Mjapani

Baba alikuwa na tabia ya kupiga mluzi usiku, na bibi hakuacha kumkemea: utatuitia nyoka. Alikuwa ananyamaza kidogo, kisha anaendelea taratibu. Mluzi wenyewe ulikuwa uleule siku zote. Tukimuuliza ni wimbo gani, alijibu, "Wa Mjapani." Aliusikia ujanani kwenye redio ya jirani, basi.

Nimekuja kuupata miaka minne baada ya kumzika, nikisikiliza nyimbo za zamani kwenye simu. Ilipofika sehemu ya mluzi, nilikaa kitako. Jina lililoandikwa pale lilikuwa "Sukiyaki".

Sukiyaki ni chakula: nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande vyembamba, ikapikwa na mboga kwenye sufuria ya chuma. Ndani ya wimbo hamna nyama wala sufuria. Jina lake halisi ni "Ue o Muite Arukō", yaani nitembee nikitazama juu, na huyo mtembezi anainua uso kwa sababu hataki machozi yamdondoke. Jina la chakula lilibandikwa Uingereza na kampuni ya Pye, kwa kuwa lile la Kijapani lilionekana gumu kwa wanunuzi. Ni kama kilio cha taarab kiuzwe ughaibuni kwa jina la Biriani.

Muziki ni wa Hachidai Nakamura, maneno ni ya Rokusuke Ei. Inaelezwa kwamba maneno hayo yalimjia Ei akirudi nyumbani kutoka kwenye maandamano ya kupinga mkataba wa 1960 uliobakiza majeshi ya Marekani nchini Japani. Maandamano hayakufua dafu. Lakini Ei hakutia siasa hata neno moja. Aliacha upweke mtupu, ambao kila mtu anaweza kuuvaa. Na mwezi Juni 1963, wimbo huo ukakaa namba moja kwenye chati ya Billboard kwa wiki tatu, huko huko Marekani, kwa Kijapani. Hakuna wimbo mwingine wa Kijapani uliofika hapo tangu wakati huo.

Mwimbaji ni Kyu Sakamoto, aliyezaliwa Kawasaki mwaka 1941, mtoto wa tisa kwao. Kyu maana yake tisa. Nilitarajia sauti ya kulialia. Kumbe anaimba kama mtu anayetabasamu. Anazikatakata silabi, anazirusha juu, na mdundo unatembea bila kukokota miguu. Kijapani, kama Kiswahili, kinapenda kumalizia silabi kwa irabu, kwa hiyo niliweza kumfuatisha kabla sijajua maana. Huzuni imo kwenye maneno, tabasamu limo sautini, na tabasamu ndilo linaloisitiri huzuni. Ndiyo maana sikubali kwamba wasikilizaji wa nje waliupenda bila kuelewa chochote. Kujikaza waliusikia; kilichowapita ni sababu yake. Mwaka 1981 kundi la A Taste of Honey liliuimba kwa Kiingereza, kwa maneno mapya ya mapenzi, likafika namba tatu. Ni kazi nzuri, ila pale kilio kiko wazi, hakuna anayejikaza, nami nikaona kitu kimepungua.

Kwenye orodha za Marekani, Sakamoto huwekwa kwenye fungu la waimbaji wa wimbo mmoja. Kwao alikuwa na nyimbo nyingine zilizopendwa sana, kama "Miagete Goran Yoru no Hoshi o". Wimbo mmoja, basi, ni hesabu ya msikilizaji aliyeacha kusikiliza. Sisemi kwa kujitoa: mimi pia niliusikia mmoja tu, tena nusu yake, kwa mdomo wa baba.

Tarehe 12 Agosti 1985, ndege ya Japan Airlines iliyokuwa ikitoka Tokyo kwenda Osaka iligonga mlima. Walikufa watu 520, na Sakamoto, mwenye miaka 43, alikuwa mmoja wao. Wapo wanaousikiliza wimbo kana kwamba ulitabiri kifo hicho. Mimi naona huko ni kumdhulumu. Aliimba kuhusu mtu anayetaka kufika nyumbani bila kuonekana analia, na hilo linatosha.

Siku tuliyomzika bibi, baba hakutoa chozi. Alizunguka nyuma ya nyumba, tukausikia mluzi. Shangazi alikasirika, akasema kaka yake hana haya, msiba haujapoa.

Mwezi uliopita nilimpigia shangazi simu, nikamwekea wimbo ule. Alisikiliza hadi mwisho.

"Anasema nini huyo?" aliuliza.

Nikamweleza. Alikaa kimya muda, nikadhani simu imekatika.

"Hebu nirudishie pale kwenye mluzi," alisema.