Mkuku Kwanza

Mtumbwi wa Ziwa Victoria huanza na mkuku, uti wa mgongo wa chini unaobeba chombo kizima. Fundi mmoja mzee wa Buhembe, mjini Bukoba, ameulaza wake juu ya magogo mawili pale mwaloni, na asubuhi nzima hajapigilia msumari hata mmoja. Anainama nyuma, anafumba jicho moja, anaufuata mstari mpaka mbele. Anachukua tezo, anabandua kibanzi chembamba kama ganda la kitunguu, kisha anarudi kuangalia tena. Mkuku ukipinda hata kidogo, chombo kitavuta upande mmoja maisha yake yote.

Ubao wa kwanza, ule unaokaa juu ya mkuku, ndio wenye kazi. Hautakiwi kukunjwa tu. Unatakiwa ujisokote huku ukipanda kuelekea mbele. Kijana wake anaushikilia juu ya moto mdogo, anaulowesha kwa kitambaa, na ncha ya ubao imewekewa jiwe.

"Mzee, tayari?"

"Bado. Maji tena."

Ubao ukiharakishwa hupasuka kwenye fundo, na hela ya mbao imekwenda. Ulipokubali kulegea, fundi aliupaka masizi ukingoni, akaubana mahali pake, akautoa. Masizi yalipohamia ndipo palipogusa. Hapo akapitisha randa mara mbili, akaubana upya. Nilidhani ameridhika. Akautoa tena.

Zamani mbao hizi hazikupigiliwa misumari. Wahaya, Waganda na watu wa visiwa vya Sese walizitoboa na kuzishona kwa nyuzi za mimea, na mbele mkuku ulichomoza kama pembe. Mitumbwi ya namna hiyo ndiyo aliyoikuta mpelelezi Stanley ziwani mwaka 1875, katika safari iliyomfikisha Bumbire, kisiwa kilichopo leo wilayani Muleba, na kumpambanisha na wenyeji. Uzi umeondoka, msumari umeingia, lakini mkuku bado unatangulia na mbao zinafuata.

Mataruma, yaani mbavu za chombo, huingia baada ya mbao kushika umbo. Halafu kalafati: nyuzi za pamba zinasokotwa, zinasukumwa kwenye maungio kwa patasi butu, nyundo ikigonga kwa sauti ileile. Pamba ikiingia vizuri, sauti hubadilika, inakuwa nzito, na fundi husogea bila kutazama. Juu ya maungio hupigiliwa vipande vyembamba vya bati. Kwangu mimi, hizo bati ndizo pambo zuri kuliko rangi yoyote watakayopaka baadaye.

Hata ubao wa kutelezea mawimbi ulikuja kuhitaji kitu kama mkuku. Mbali na hapa, wenzetu wa Hawaii walichonga mbao za kutelezea mawimbi kwa mti wa koa, bila pezi chini, na mtelezaji alikokota mguu majini ili kugeuka. Miaka ya 1920 Tom Blake wa Marekani alianza kuzitengeneza zikiwa na uwazi ndani, ziwe nyepesi. Mwaka 1935 akaongeza pezi chini ya mkia, na ubao ukaacha kuteleza ubavu. Mwaka 1981 Simon Anderson wa Australia aliwashangaza wenzake kwa mapezi matatu. Staili ya kuteleza ilifuata umbo la mkia: pezi likishika, mtu anaweza kukata kona kali wimbini. Fundi wetu hajawahi kupanda ubao huo, ila pezi angelielewa mara moja. Ni mkuku uliofupishwa.

Ziwani nako mkia ndio uliobadilika. Mtumbwi wa makasia ulichongoka mbele na nyuma. Injini za kupachika zilipoenea, nyuma ikakatwa bapa ili injini ipate pa kuning'inia. Si kukata tu: uzito ukihamia nyuma, pua huinuka, kwa hiyo mbao za chini zinapanuliwa ili maji yabebe. Mteja wa leo anataka nyuma bapa, na amefika na kipimo cha injini yake kwenye karatasi. Fundi ameisoma, ameirudisha, amemtuma kijana aende akailete injini yenyewe kwa toroli kabla ya msumeno kugusa ubao.