Jeshi ni la nani? Msamiati wa mrengo wa kushoto na askari asiye na jina

Kwa zaidi ya miaka sitini sasa, wanasiasa na wanaharakati wa mrengo wa kushoto katika Afrika Mashariki wamekuwa wakivutania kitu ambacho mwalimu wa sarufi angekiita a-unganifu. Jeshi la nani? Tanzania ililijibu swali hilo katika jina lenyewe: Jeshi la Wananchi. Sisi Kenya tuna Majeshi ya Ulinzi ya Kenya, yaani ya nchi; mwananchi hakutajwa. Na wenye kumbukumbu za miaka ya tisini watakubaliana nami kwamba tuliwahi pia kuwa na Jeshi la Mzee, kundi la vijana waliotumiwa na wakubwa wa KANU kuwatandika waliokuwa wakidai mageuzi. Hilo angalau halikuficha lilikuwa la nani.

Swali lilirudi kwa kishindo Juni 25, 2024, vijana walipoingia katika majengo ya Bunge jijini Nairobi na serikali ikatangaza katika gazeti lake rasmi kwamba jeshi limeitwa kuwasaidia polisi. Kifungu cha 241 cha Katiba kinaruhusu jambo hilo kwa masharti, na mawakili walikwenda kortini kuyadai masharti hayo. Sitaingia huko, wanasheria wapo wa kutosha. Kilichonishughulisha ni maneno. Wiki hiyo niliwasikia vijana, wengine wao wanafunzi wangu, wakisema kwamba dola ni adui, na papo hapo wakisema, "Jeshi ni letu, shida ni makarao." Nikajiuliza mgawanyo huo wameutoa wapi.

Jibu langu ni kwamba wameurithi. Fikra za mrengo wa kushoto, kwa jinsi zilivyoandikwa na kusemwa kwa Kiswahili, zimemchora mwenye bunduki kwa sura mbili tu: ama ni chombo cha mnyonyaji, ama ni mkombozi wa wanyonge. Sura ya tatu, ya mtu aliyeajiriwa, anayedai mshahara wake, mwenye mama kijijini na deni dukani, haikupata nafasi. Kwa mrengo unaojiita wa wafanyakazi, hilo ni pengo la ajabu.

Tuanze na hicho chombo. Istilahi ya vyombo vya dola ina asili yake katika maandishi ya Kimarx. Lenin, katika kitabu chake kuhusu dola na mapinduzi alichokiandika mwaka wa 1917, aliliona jeshi la kudumu na polisi kuwa ndio zana kuu za mamlaka ya dola. Kwa Kiswahili likachaguliwa neno chombo, na neno likanoga. Likanoga mno, kwa sababu hata serikali zililipenda: redioni kila siku tunasikia vyombo vya usalama. Hebu tazama linavyofanya kazi kisarufi. "Polisi wamempiga kijana risasi": hapa tuko katika ngeli ya A-WA, kuna mtendaji, kuna wa kushtakiwa. "Vyombo vya usalama vimechukua hatua": tumehamia ngeli ya KI-VI, pamoja na visu, viti na vikombe. Kisu hakishtakiwi. Tena kisu hakidai nyongeza ya mshahara wala hakikatai kukata. Kwa hiyo mwanaharakati anayepaza sauti dhidi ya vyombo vya dola anamfanyia aliyefyatua risasi hisani asiyoikusudia.

Ajabu ni kwamba Warusi wenyewe hawakuishia hapo. Baraza lililoundwa Petrograd mwaka huohuo wa 1917 lilikuwa la wafanyakazi na askari kwa pamoja; askari walichagua wajumbe wao, wakaketi na watu wa viwandani. Sisi tulichukua istilahi tukaliacha baraza.

Neno askari nalo lina mzigo wake. Tulilipata kutoka Kiarabu, na wakoloni wakalitumia kwa faida yao. Mjerumani alikuwa na askari wake, Mwingereza akawa na wake wa King's African Rifles, ambao wazee wetu waliwaita Keya. Mpaka leo halichagui: askari wa vitani, askari polisi, askari jela, askari kanzu, mlinzi wa lango la benki, na hata wale wa jiji tunaowaita kanjo, wote ni askari. Mwanajeshi, kwa upande wake, limeundwa kama mwananchi na mwanafunzi. Lina heshima ya uanachama ndani yake. Ndiyo maana katika hotuba za ukombozi askari huwa ni wa mkoloni, ilhali wa upande wetu ni mpiganaji au mpigania uhuru. Afande, lenye asili ya Kituruki, limebaki neno la kumwogopa mtu huku ukijifanya unamheshimu.

Pengo ninalolisema linaonekana wazi zaidi katika matukio ya Januari 1964. Mnamo Januari 20, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, Dar es Salaam, waliwakamata maafisa wao Waingereza. Walitaka mambo mawili: mshahara bora, na maafisa Waafrika mahali pa Waingereza. Kesho yake wa Tabora wakafuata. Januari 23 ikawa Jinja, Uganda. Januari 24 ikawa Lanet, karibu na Nakuru. Bendera yetu ilikuwa haijatimiza miezi miwili, na Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa yametokea Januari 12. Serikali zote tatu ziliwaita Waingereza waje kuuzima moto.

Tukio hilo limeingia katika historia kwa jina la maasi. Sina ugomvi na jina hilo; mwenye bunduki akimkamata mkubwa wake ameasi, hilo halina mjadala. Lakini kuli akiacha kazi bandarini kwa ajili ya mshahara tunasema amegoma, na tunamtungia riwaya. Askari akidai mshahara na kupinga ubaguzi wa vyeo tunasema ameasi, na kitabu kinafungwa. Wachache waliuliza hawa waliokuwa Keya jana wamepata nini katika uhuru.

Viongozi watatu walijibu kwa njia tatu. Obote aliwapa askari nyongeza waliyoitaka. Jeshi likazijua nguvu zake, na Januari 25, 1971 Idi Amin akampindua. Kenyatta aliwafikisha wa Lanet mbele ya mahakama ya kijeshi, kisha akaendelea kuwategemea Waingereza. Nyerere alilivunja jeshi zima akaunda jipya, lililozaliwa Septemba 1, 1964, likichukua vijana wa chama cha TANU. Ndilo hilo Jeshi la Wananchi. Wasomi wa mrengo wa kushoto wameusifu uamuzi huo, na wana haki: Tanzania haijawahi kupinduliwa na jeshi lake. Ila sifa hizo huruka ukurasa mmoja. Baada ya maasi, serikali iliwakamata viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi kwa tuhuma kwamba walikuwa na njama na askari walioasi. Shirikisho lao, TFL, likavunjwa, na mahali pake pakawekwa chama kimoja, NUTA, chini ya mkono wa serikali. Yaani katika mwaka mmoja askari alipewa jina jipya la mwananchi, na mfanyakazi akanyang'anywa chama chake huru. Yote mawili yalifanywa kwa jina la umma.

Zanzibar mambo yalikuwa makali zaidi. Makomredi wa chama cha Umma, wakiongozwa na Abdulrahman Babu, walitia matumaini makubwa katika mapinduzi ya silaha. Mwaka wa 1972, Karume alipouawa kwa risasi na mwanajeshi, Babu na wenzake wengi walijikuta gerezani. Yeye alikaa humo hadi 1978. Riwaya ya Haini ya Adam Shafi, iliyotoka 2003, imetokana na siku hizo.

Adam Shafi huyohuyo alikuwa ametupa Kuli mwaka wa 1979, riwaya ya makuli wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa 1948. Naipenda na nimeifundisha miaka mingi. Kuli ana njaa, ana mama, ana mgongo unaouma. Askari anayeletwa dhidi yake ana rungu, basi. Katika Kilio cha Haki, tamthilia ya Alamin Mazrui ya 1981, tunamjua Lanina, kiongozi wa wafanyakazi, kwa mawazo na ukaidi wake. Wanaomkamata tunawajua kwa sare. Fungua orodha ya wahusika katika tamthilia zetu za kimapinduzi: mara nyingi utakuta Askari wa Kwanza, Askari wa Pili. Mwandishi aliyejifunza kuuliza kila mtu anakula nini na kwa jasho la nani, akifika hapa anaacha kuuliza.

Naweza kujibiwa kwamba waandishi hawa walikuwa na sababu. Mazrui alitiwa kizuizini mwaka uliofuata, na Shafi alikuwa amekwisha kulionja gereza. Ni kweli, na ni sababu nzito. Si rahisi kumtungia maisha mtu aliyekufungia mlango. Lakini msomaji hufikiri kwa vitabu alivyopewa.

Tulivyofikiri kulionekana Agosti 1, 1982. Waliojaribu kuipindua serikali ya Moi hawakuwa majenerali. Hezekiah Ochuka alikuwa mwanahewa wa cheo cha chini. Walikitwaa kituo cha redio, wakamleta Leonard Mambo Mbotela awatangazie. Wanafunzi wa chuo kikuu wakatoka barabarani kushangilia. Sisi tuliokuwa vijana wakati ule tunajua shangwe ile ilitoka wapi: mwezi Juni Bunge lilikuwa limeifanya nchi kuwa ya chama kimoja kisheria, na wahadhiri, akina Mazrui, Willy Mutunga na wenzao, walikuwa wamekamatwa. Hata hivyo, wanafunzi waliwashangilia watu wasiowajua. Hawakujua wanahewa hao wameudhiwa na nani wala wanataka nini. Jana vyombo, leo wakombozi. Kabla ya siku kuisha mambo yalikuwa yamekwisha, na Nairobi ina maiti. Jeshi la wanahewa lilivunjwa. Ochuka alinyongwa mwaka wa 1987. Titus Adungosi, kiongozi wa wanafunzi, alifungwa miaka kumi na akafia gerezani.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wapenzi wa Kiswahili hatupendi kulisikia. Tunajivunia kwamba Kiswahili ni lugha ya ukombozi, na ushahidi upo: Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, na Frelimo ilifanya mazoezi katika kambi za Tanzania. Lakini mwulize Mganda wa rika langu. Kwake Kiswahili kilikuwa lugha ya kambini, ya mtu wa kizuizi cha barabarani anayekuuliza unakokwenda kabla ya kukupora. Keya walikipeleka, askari wa Amin wakakitia doa. Kisha akaja Museveni, aliyesoma Dar es Salaam na kuivia huko katika siasa za kushoto. Jeshi lake lililoingia Kampala Januari 1986 lilikuwa na watoto wenye bunduki, nao wakaitwa kadogo, neno tamu la nyumbani. Leo jeshi la Uganda kwa jina rasmi ni la wananchi. Wananchi hao ndio wa kuulizwa kama jina limewafaa.

Watu wa mitaani wana ulimi mkali kuliko wanaharakati. FFU, herufi za kikosi cha polisi cha kutuliza ghasia Tanzania, walizifasiri kuwa Fanya Fujo Uone. Wito wa polisi wetu, Utumishi kwa Wote, umetaniwa kwa namna ambazo mhariri wangu hangekubali kuzichapisha.

Nirudi kwa vijana wa 2024. Kusema jeshi ni letu na polisi ni wao ni uchambuzi mbovu. Mkazi wa Nairobi humwona karao kila siku, akidai hongo, akivunja mlango; mwanajeshi humwona kwenye gwaride la Jamhuri. Ndiyo maana anampenda. Mwulize mkazi wa Mlima Elgon. Mwaka wa 2008 jeshi lilipelekwa huko kupambana na kundi la SLDF katika operesheni iliyobatizwa Okoa Maisha, na mashirika ya haki za binadamu yakaandika habari za mateso na za watu waliopotea.

Swali la mshahara, kwa upande wake, limeachiwa watu wengine. Jopokazi lililoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga liliwasilisha ripoti yake mwaka wa 2023, likaeleza hali ya kazi ya polisi na kupendekeza waongezwe mishahara. Katika vijikaratasi vya kimapinduzi nilivyovisoma mwaka uliofuata, sikuiona ripoti hiyo ikitajwa popote.

Najua nitakachoambiwa. Makumi ya vijana wameuawa, nawe profesa unataka tuzungumzie marupurupu ya muuaji? Ndiyo, nataka, na pia nataka ashtakiwe kwa jina lake. Mambo hayo mawili hayagombani. Mtu mwenye jina na mshahara anaweza kuikataa amri haramu, na anaweza kufungwa akiitii. Maafisa vijana wa Ureno walioipindua serikali yao Aprili 25, 1974, wakaharakisha uhuru wa Msumbiji, walianza kukutana kwa manung'uniko ya vyeo. Siasa ilifuata baadaye.

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu zoezi: waandike upya sehemu ya mgomo katika Kuli kwa jicho la askari. Wengi walijitahidi. Mmoja alikataa katakata, kwa kuwa kaka yake alipigwa risasi ya mguu katika maandamano. Sikumlazimisha. Badala yake aliomba kumwandikia barua aliyempiga kaka yake, na akakwama kwenye mstari wa kwanza kwa sababu hakujua amwiteje. Afande ilimkera, ndugu ilimshinda, na jina hakuwa nalo. Aliniletea barua ya kurasa tatu, nzuri sana, yenye nafasi tupu pale juu.