Mpemba Kwanza, Osborne wa Pili

Mwaka 1969 jarida la Physics Education la Uingereza lilichapa makala ya kurasa nne yenye kichwa cha neno moja, Cool, na alama ya kuuliza mbele yake. Waandishi walikuwa wawili, E. B. Mpemba na D. G. Osborne. Osborne alikuwa mhadhiri wa fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba alikuwa kijana anayesomea uhifadhi wa wanyamapori huko Moshi, na swali lililozaa makala alikuwa nalo tangu kidato cha tatu.

Wengi wanaijua makala hii kwa ajili ya maji ya moto yanayoganda kabla ya maji ya baridi, jambo ambalo dunia nzima sasa inaliita kwa jina la Mpemba. Mimi huirudia kwa sababu nyingine. Ni nadra kuona wajibu wa mwandishi wa kitaaluma ukitekelezwa kwa ufundi wa namna hii, tena bila makeke. Wahariri wa majarida ya tiba, ambao baadaye walitunga masharti ya nani aitwe mwandishi, walikutana Vancouver mwaka 1978. Kamati ya maadili ya uchapishaji, COPE, ilianzishwa mwaka 1997. Kabla ya hayo yote, Mpemba na Osborne hawakuwa na fomu ya kujaza wala mwongozo wa kufuata.

Tazama kwanza jinsi kazi ilivyogawanywa. Osborne angeweza kuisimulia hadithi ya kijana kwa mistari mitatu kisha akaendelea na vipimo vyake. Badala yake Mpemba anazungumza mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza, na ndiye anayefungua. Anasema wazi kwamba ugunduzi wake ulitokana na kulitumia friji vibaya. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba, wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa na sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friji. Siku hiyo nafasi ilikuwa inagombewa. Mwenzake mmoja aliweka maziwa yake bila kuyachemsha, naye Mpemba akaona akisubiri atakosa, akaingiza yake yangali moto. Ya moto yakaganda kwanza. Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa.

Halafu inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mpemba anaeleza kwamba alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga, akakuta kumbe wauzaji wa kule huweka maziwa ya moto makusudi ili yawahi kuganda. Angelinyamazia hilo, nani angejua? Wauzaji wa aiskrimu hawasomi majarida ya fizikia. Lakini amewaandika, akakubali mbele ya wasomaji wake kwamba wapo waliomtangulia kuliona. Kumtaja profesa mwenye vitabu ni rahisi, kwa kuwa jina lake hukupa uzito. Kumtaja mtu wa sokoni hakukupi chochote zaidi ya kuwa umesema kweli.

Alipofika Sekondari ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Wenzake wakaifanya utani wa darasani. Basi Osborne alipokuja kuzungumza na wanafunzi, Mpemba akainua mkono na kuuliza lile lile. Osborne alitaka kujua kama kweli amejaribu, kisha akasema kwamba sababu haijui, ila akirudi Dar es Salaam atalipima. Wanafunzi wenzake Mpemba walimlaumu kwa kuwaaibisha.

Osborne anapopokea kalamu, jambo moja angeweza kulificha na hakulificha. Alimpa fundi wa maabara kazi ya kujaribu. Fundi akarudi na habari kwamba maji ya moto yameanza kuganda kwanza, akaahidi kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Kicheko, ndiyo, lakini kicheko chenye mwiba: kurudia jaribio mpaka likubaliane na ulichokitaka, kisha ukachapa hilo la mwisho tu, ni udanganyifu ambao hauachi alama yoyote kwenye karatasi. Osborne ameyaacha maneno hayo kwenye makala, ingawa yalitoka kwenye maabara yake mwenyewe.

Vipimo vyenyewe vimeandikwa kwa utulivu uleule. Maji ya sentimita 70 za ujazo ndani ya bika za 100, zimekalishwa juu ya povu gumu ili baridi isipite chini. Kinachopimwa ni muda hadi kuganda kunapoanza. Maji yaliyoanza na nyuzijoto 25 hivi ndiyo yaliyochelewa zaidi, na ya karibu 90 yaliwahi mno. Kupungua kwa maji kwa mvuke na hewa iliyoyeyuka ndani yake viliangaliwa, vikaonekana havitoshi kuwa sababu. Wala hawakudai wamemaliza.

Kuhusu majina sitazunguka. Kila mtu aliyepita vyuoni mwetu anajua mkubwa wa idara ambaye jina lake hutangulia kwenye kazi ya mwanafunzi aliyehangaika na data peke yake. Kwa masharti ya leo mwandishi awe amechangia wazo au data, ameandika au amehariri, ameidhinisha nakala ya mwisho, na yuko tayari kuulizwa. Mpemba alikuwa na swali, alikuwa na majaribio yake mwenyewe, na aliandika sehemu yake. Nafasi ya kwanza ilikuwa haki yake, si hisani ya Osborne.

Kama jambo lenyewe ni kweli, ubishi haujaisha. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, huko Kanada, walionyesha kwa chembe ndogo mno kwamba kilichoanza na joto zaidi kinaweza kuwahi kupoa. Kabla yao, mwaka 2016, Henry Burridge na Paul Linden walishindwa kuliona kwenye maji, na wakaonya kwamba kusogeza kipimajoto sentimita moja tu kunatosha kukudanganya. Waliziweka namba za 1969 kwenye mchoro wao pamoja na za watafiti wengine, nazo zikakaa mbali na kundi. Pengine Osborne alikosea. Lakini waliompinga walimpinga kwa namba zake mwenyewe, kama alivyozichapa, bila kuhitaji kumwomba chochote.