Fundi wa barua pepe mjini Kalemie

Kalemie, kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika, kuna vibanda ambavyo wenyeji huviita sekreteria. Ndani yake mna meza, kompyuta moja au mbili, printa na mashine ya fotokopi. Watu huja kuchapiwa maombi ya kazi, risiti za kuuza kiwanja, karatasi za shule. Lakini huja pia kuandikiwa barua pepe kwa rafiki, na hiyo ndiyo kazi inayolipa kidogo na kuchukua muda mrefu. Nilikaa kwenye benchi la wateja nikamtazama mzee mmoja, mwalimu wa zamani, akiandika barua ya namna hiyo. Ninaona ni ufundi kamili, sawa na wa seremala au mshonaji, na unastahili kuelezwa hatua kwa hatua.

Mteja wake alikuwa mama anayeuza ndagala bandarini. Rafiki yake wa utoto alikimbia vita, akavuka ziwa hadi Kigoma, akakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, ile iliyofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996. Baadaye alipelekwa Marekani, na sasa anaishi Louisville, Kentucky, ambako Wakongo wengi wamepewa makazi. Mama ana simu, tena ana WhatsApp. Lakini simu huibwa, laini hufungwa, namba hubadilika, na mtu aliyehama mara tatu amekwisha kupoteza namba za watu wengi aliowapenda. Anwani ya barua pepe humfuata mwenyewe popote aendapo, na yaliyoandikwa humo huweza kusomwa tena mwaka ujao. Mama alijua hivyo. Anwani ya rafiki yake alikuwa ameiandika nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto.

Mwalimu, kama kila mtu anavyomwita, hakugusa kompyuta kwanza. Alisukuma kibodi pembeni, akachukua bic na daftari la mistari, akamgeukia mama. Kisha akanyamaza. Mama akaanza kwa ile haraka ya mtu anayedhani analipia kila dakika: mafuta yamepanda bei, mtoto amefaulu, kuna mgonjwa nyumbani. Mwalimu hakuandika lolote katika hayo. Alimwacha mpaka haraka ile ikaisha, na maneno yakaanza kutoka taratibu. Hapo ndipo bic iliposhuka kwenye karatasi, na bado aliandika majina tu: nani anasalimia, nani anasalimiwa.

Halafu akauliza swali ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalomtofautisha fundi na mtu anayejua tu kubonyeza herufi. "Mama, kuna nani alikufa na yeye hajui?"

Mama akainamisha kichwa. "Muzee wa kwabo mudogo. Hayajua bado."

Mwalimu akaliandika jina hilo peke yake, akalizungushia mstari. Habari ya kifo ina mahali pake katika barua. Ukiiweka juu kabisa, msomaji hatasoma kinachofuata. Ukiiweka mwishoni, utamwacha nayo peke yake, barua imekwisha na hakuna mkono wa kumshika. Yeye huiweka katikati, baada ya salamu za watu walio hai na kabla ya habari za watoto, na huipa aya yake fupi isiyochanganywa na jambo lingine: nani, lini, alizikwa wapi, nani alikuwapo. Mtu aliye mbali hutaka sana kujua nani alikuwapo.

Ndipo akavuta kibodi. Kompyuta nyingi za Kalemie zina kibodi za AZERTY, na anayezijua za Afrika Mashariki hupotea humo haraka. Herufi A iko mahali pa Q, M imesogea kulia, nukta haitoki mpaka ushikilie kitufe cha herufi kubwa, na tarakimu vivyo hivyo. Alama ya @, ambayo Ray Tomlinson aliichagua mwaka 1971 kutenganisha jina la mtu na jina la mashine yake, imefichwa kabisa. Katika kibodi ya Kifaransa hutoka kwa Alt Gr na kitufe cha à. Katika ile ya Kibelgiji hutoka kwa Alt Gr na kitufe cha é. Kibanda hiki kina moja ya kila aina. Vidole vya Mwalimu vilijua viko kwenye ipi bila macho kushuka.

Hakufungua intaneti. Alifungua ukurasa mtupu wa kuandikia, ule wa kawaida usio na mapambo, akaandika humo. Mega za intaneti hununuliwa kwa pesa, na umeme wa mji, unaotoka kwenye bwawa la Bendera kaskazini, una tabia ya kuondoka bila kuaga. Kwa hiyo barua huandikwa nje ya mtandao, na kila baada ya sentensi mbili tatu kidole kidogo na cha shahada hukutana kwenye Ctrl na S. Nilimwona akifanya hivyo hata mama alipokuwa akipiga chafya.

Salamu aliziandika kwa Kiswahili cha shuleni, chenye mpangilio: natumaini hujambo wewe na jamaa yote, nasi huku hatujambo kwa neema ya Mungu. Kisha: baada ya salamu. Utaratibu huo ni wa kale. Barua za Kiswahili za kale kabisa tunazozijua, zilizoandikwa Kilwa kwa herufi za Kiarabu mwaka 1711, zimehifadhiwa Goa, na waandishi wa pwani waliendelea kwa karne nyingi kumsalimu mtu kikamilifu kabla ya kumgusia shida yao. Huku Kongo herufi ni za misheni na lahaja ni nyingine, lakini adabu hiyo ilifika. Wako watakaosema barua pepe haihitaji salamu ndefu. Siwaungi mkono. Mama huyu na rafiki yake hawajaonana tangu wakiwa wasichana, na orodha ya wanaosalimia ndiyo habari yenyewe: kila jina linathibitisha kwamba mtu fulani bado yupo.

Baada ya salamu lugha ikabadilika, nami nikasogea karibu nione. Mama alisema: "Umwambie batoto bote beko bazima. Na umwambie mayi iliingia mu nyumba ya kwabo, ile ya pembeni ya lac." Mwalimu aliyaandika hivyo hivyo. Batoto ikabaki batoto, na mu nyumba ikabaki mu nyumba. Mtu huyu amefundisha sarufi, na anajua vizuri sana Kiswahili sanifu kingesemaje. Kompyuta nayo, iliyowekewa kamusi ya Kifaransa, ilipiga mstari mwekundu chini ya karibu kila neno. Hakuyagusa. Ameamua kwamba salamu ni za heshima na hustahili nguo za Jumapili, lakini habari ni za mama, na kule Louisville lazima isikike sauti ya mama.

Alichofanya ni kuuliza. Maji yalifika wapi? Mama akasema tu, "yaliingia." Akauliza tena: yalifika mlangoni, au dirishani? Mwembe bado umesimama? Mwaka 2024 ziwa lilipanda kupita kiasi, likafunika mitaa ya ukingoni hapa Kalemie kama lilivyofanya Uvira na Bujumbura, na rafiki yule bila shaka aliliona jambo hilo kwenye simu yake. Asichoweza kukiona popote ni mwembe wa kwao. Mama akafikiri, akasema mwembe umesimama lakini majani yamekauka upande wa ziwa. Sentensi hiyo ikaingia. Katika barua nzima sikuona iliyo bora kuliko hiyo, na ilipatikana kwa swali.

Kulikuwa na ombi pia, kama ilivyo katika barua nyingi zinazotoka hapa kwenda Ulaya na Marekani: mama anahitaji msaada wa karo ya kijana wake. Mwalimu aliliandikia sentensi moja iliyo wazi, akaiweka karibu na mwisho, akaifuata na nyingine inayomwachia rafiki nafasi ya kusema hana. Mama alitaka kuongeza. Akamjibu kwa upole, "Mama, amesikia. Tukisema mara mbili, tunamfunga."

Kisha akasoma yote kwa sauti, polepole, kidole kikifuata mistari kwenye kioo. Huu ni ukaguzi. Mama alimkatiza mara kadhaa: jina la mjomba lilikosewa, mtoto wa tatu alikuwa amesahaulika, na mahali pamoja alisema, "Hapana, mimi singesema vile." Mwalimu alifuta sentensi nzima, hakuitetea, akaomba aisikie upya kutoka kinywani mwake. Aliposoma tena, mama hakusema kitu ila alitikisa kichwa kukubali, na kazi ya kuandika ikawa imekwisha.

Yaliyobaki yalikwenda upesi. Akaunganisha intaneti kwa simu. Mama akaingiza nywila yake mwenyewe huku Mwalimu akitazama dirishani. Hiyo ni sheria ya kibanda hiki, na karatasi yenye nywila hurudi kwenye kitenge cha mwenyewe. Anwani ya rafiki ilisomwa herufi moja moja, mara ya kwanza kutoka mbele, mara ya pili kutoka nyuma, kwa sababu ukisoma kinyume jicho haliwezi kubahatisha. Barua ikanakiliwa kutoka ule ukurasa mtupu ikamiminwa mahali pake.

Akabaki na mstari wa Objet, yaani kichwa cha barua. Wengi huandika "Salamu" au "Muhimu sana," na barua hizo huishia kwenye takataka pamoja na za matapeli, ama mashine inazitupa, ama mpokeaji mwenyewe kwa hofu. Mwalimu alimwuliza mama, mlikuwa mkiitana nani utotoni? Akacheka, akataja jina la utani. Likaandikwa hilo, na jina la mtaa wao. Hakuna tapeli anayeyajua hayo mawili. Akabonyeza Envoyer, akasubiri mpaka kioo kithibitishe, akaandika tarehe na saa kwenye daftari. Akamweleza mama kwamba Louisville iko nyuma ya Kalemie kwa saa saba, saa sita wakati wa kiangazi chao, kwa hiyo asitarajie jibu kabla ya kesho.

Nawe msomaji, uliyeko Louisville, Nairobi au Brussels: ukiona siku moja barua kutoka anwani usiyoikumbuka, na juu yake limeandikwa jina ambalo uliitwa utotoni tu, usiifute. Isome mpaka mwisho. Na ukijibu, msalimie kila mtu aliyekusalimia, kwa jina lake, kwa maana kuna mtu atakaa mbele ya kibodi ya AZERTY na kuwasomea wote kwa sauti.