Saa Kwanza, Kilomita Baadaye: Kupanga Safari ya Makorongo ya Utah na Arizona

Anayepanga wiki moja ya kutembea kwa miguu na kuendesha gari katika makorongo ya jangwa la Utah na Arizona kwa kawaida huanza na ramani. Huunganisha Zion, Bryce, Capitol Reef, Page na Grand Canyon, akajumlisha kilomita, kisha akazigawa kwa siku alizonazo. Ramani ya huko inapotosha wazi: kutoka ukingo wa kusini wa Grand Canyon hadi ule wa kaskazini ni kama kilomita 16 kwa mstari ulionyooka, ilhali kwa barabara ni zaidi ya 340. Lakini hata aliyezihesabu sawasawa kilomita za barabara bado hajaligusa linaloamua safari yenyewe, yaani ni saa zipi za mchana joto na mvua vinamruhusu mtu kuwa ndani ya korongo. Naona saa hizo ndizo zinazopaswa kupangwa mwanzo, na gari lichukue zinazobaki.

Chukua njia ya Bright Angel, upande wa kusini wa Grand Canyon. Hifadhi hiyo inawaonya wageni wasishuke hadi Mto Colorado na kurudi siku hiyohiyo, na wakati wa kiangazi wasitembee ndani ya korongo kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Sababu ni umbo la mahali penyewe. Mlimani mtu hupanda angali na nguvu na hushuka amechoka. Hapa hushuka kwanza, na kila hatua inampeleka kwenye joto zaidi, kwa kuwa kule chini, karibu mita 1,340 chini ya ukingo, joto la Julai hupita nyuzi 40. Sasa piga hesabu. Ukianza saa kumi na moja alfajiri, una saa tano tu mpaka saa nne. Kupanda huchukua takriban mara mbili ya muda wa kushuka, kwa hiyo saa kumi na mbili na dakika arobaini lazima uwe umegeuka. Kwa mwendo wa wastani, hapo umefika karibu na kibanda cha kupumzikia kilicho kilomita 4.8 kutoka juu. Mabomba ya maji yaliyoonyeshwa njiani nayo yasichukuliwe kuwa ya hakika, maana bomba kuu linaloyalisha ni la miaka ya 1960 na hupasuka mara kwa mara. Ulizia asubuhi ileile, na beba kitu chenye chumvi, kwa sababu maji matupu mengi mno nayo huangusha watu.

Saa za adhuhuri basi ndizo za gari. Barabara ya 12 ya Utah, kama kilomita 200 kutoka karibu na Panguitch hadi Torrey, inafaa mno kwa kazi hiyo: hupita juu ya mgongo mwembamba wa mwamba wenye bonde huku na huku, kisha hupanda Boulder Mountain hadi karibu mita 2,900, kwenye hewa baridi. Kuipita mchana pia ni salama kuliko usiku, kwani ng'ombe na kulungu huvuka barabara gizani.

Maji ndiyo yanayoipa hoja hii uzito wake wote. Agosti 12, 1997, watalii 11 walikufa ndani ya Lower Antelope Canyon, karibu na Page, Arizona, kwa mafuriko ya mvua iliyonyesha mbali, juu ya bonde. Aliyekulia karibu na mito ya mchanga ya Ukambani anajua jambo hilo: mto hushuka chini ya jua kali. Septemba 14, 2015, watu saba walioingia Keyhole Canyon, huko Zion, walikufa wote, na siku hiyohiyo katika mji wa Hildale, Utah, magari mawili yalisombwa, watu 13 wakafa. Katika robo saa Mto Virgin, unaopita Zion, ulitoka mita za ujazo zipatazo 1.5 kwa sekunde ukapita 70. Mwamba mtupu haunywi maji, na korongo jembamba huyainua badala ya kuyatawanya. Dhoruba za Julai hadi Septemba kwa kawaida huiva alasiri. Kwa hiyo korongo jembamba liingiwe alfajiri na litokwe kabla ya adhuhuri, na siku ambayo utabiri ni mbaya lisiingiwe kabisa.

Watu wa huko watasema vibali haviruhusu ulegevu huo, na ni kweli. Tangu Aprili 2022 Angels Landing, huko Zion, hupandwa kwa kibali cha bahati nasibu, chenye tarehe. Ila jibu limo katika mpangilio. Angels Landing ni mgongo wa mwamba, haufuriki. Hatari yake ni radi na kuporomoka. Ifungie tarehe, uombe kundi la kabla ya saa tatu asubuhi. The Narrows, korongo jembamba la Mto Virgin hukohuko Zion, ukianzia chini na kurudi ulikotoka, haidai kibali, kwa hiyo iachie asubuhi mbili zilizo wazi, utumie ile ambayo anga inakubali. Kibali kibane kisichofurika, na kinachofurika kiachwe huru. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la wapiga picha: miali maarufu ya Upper Antelope huonekana karibu na saa sita mchana. Hapo nakubali, maana matembezi ni mafupi, kivuli kipo, na mgeni haingii bila kiongozi wa Kinavajo, ambaye hufunga njia dhoruba ikikaribia. Nisingekubali kuhusu korongo lisilo na mlinzi.

Saa zenyewe nazo zina mtego. Arizona haibadilishi saa kiangazi, Utah hubadilisha, na ardhi ya Wanavajo iliyo ndani ya Arizona hubadilisha pia. Wakati huo Monument Valley hutangulia Page kwa saa nzima, ilhali matembezi ya Antelope, ingawa ni ya Wanavajo, hufuata saa ya Page. Simu iliyo karibu na Ziwa Powell inaweza kushika mnara wa Utah na kuruka saa moja bila kukuambia. Kando ya kila miadi uliyoilipia, andika ni saa ya wapi.