Wanaosafisha Karatasi za Katuni

Nchini Japani, majarida ya katuni yenye mamia ya kurasa hutoka kila wiki, husomwa, kisha huachwa. Nawapongeza wanaoyarudisha kazini. Wakusanyaji huyafunga marobota na kuyapeleka viwandani. Huko karatasi hulowekwa na kuvurugwa majini hadi iwe rojorojo. Pini na gundi huchujwa, kwani gundi kidogo tu yaweza kuharibu karatasi mpya. Kisha sabuni na mapovu ya hewa huinua wino juu, ukaenguliwa. Weusi hauishi wote, ndiyo maana kurasa nyingi za majarida mapya hutiwa rangi ya waridi, kijani au manjano. Mchoraji husifiwa kwa mistari yake. Karatasi inayoibeba ni jasho la hawa wakusanyaji na wafanyakazi wa viwandani. Wanastahili shukrani za kila msomaji.