Picha inakataa kufunguka: tusilaumu mashini peke yake

Wandugu, ziwa Tanganyika lilipopanda mwaka 2024, hapa Kalemie maji yaliingia mpaka ndani ya nyumba. Leo mkulima wa Katanika akituuliza sisi watu wa agronomi maji yanaweza kufika wapi, jibu tunalitafuta ndani ya picha za setiliti na za droni. Lakini picha inakataa kufunguka, na pale unapouliza unaambiwa tu: «Nunua ordinatere ingine.»

Hilo jibu mimi ninalipinga. Tuhesabu kwanza. Picha moja ya Sentinel-2, setiliti za Ulaya ambazo picha zake ni za bure, iko na pikseli 10,980 kila upande. Ni zaidi ya milioni 120. Fishie inaweza kuonekana ndogo juu imekazwa, lakini ikifunguliwa, rangi tatu zinakula karibu megabaiti 360. Kama kila rangi iko na baiti mbili, ni 720. Ongeza tabaka ingine, ongeza nafasi ya kurudi nyuma, na mashini ya gigabaiti 4 inachoka. Hapo ni kweli, memori ni shida.

Lakini kuna ukuta ambao memori haigusi. Uko ndani ya aina ya fishie yenyewe. PSD ya Photoshop haipiti pikseli 30,000 kwa upande, wala gigabaiti 2. Picha ya droni yenye pikseli ya sentimeta 5 inafika pale kwa mita 1,500 tu za shamba. JPEG inasimama kwa pikseli 65,535. TIFF ya kawaida inasimama kwa gigabaiti 4, juu anwani zake za ndani ni za biti 32. Ununue mashini ya bei gani, ukuta ni ule ule. Dawa ni kubadilisha aina ya fishie: PSB inaenda mpaka 300,000, na BigTIFF inatumia anwani za biti 64.

Kwa hiyo lawama yangu ya kwanza ni kwa programu zinazosema «haiwezekani» bila kutaja umegonga ukuta gani. Ya pili ni kwetu sote: programu ya kupamba picha inataka kubeba picha nzima, lakini QGIS, nayo ya bure, inasoma kile kipande kinachoonekana kwenye ekrani. Tena ukihifadhi picha kwa programu ya kupamba, mara nyingi alama za mahali zinapotea. Inabaki picha nzuri isiyojua iko wapi duniani. Mkulima atafanya nayo nini?

Basi kabla ya kukopa pesa ya mashini, uliza mambo matatu: pikseli ngapi? Fishie ya aina gani? Ninahitaji picha yote ama kipande? Kata eneo lako kwanza ndani ya QGIS. Kupamba kutafuata.